Kabla hujamnunulia mama kifaa cha kurudisha balansi

Wiki tatu zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa safu hii anayeishi Mtumba, jijini Dodoma. Ni mtumishi wa umma, alihamia huko na wizara yake, na mwaka jana alimchukua mama yake mzazi kutoka Kondoa baada ya mama huyo kupata kiharusi. Mama ana miaka 67. Anatembea, lakini mguu wa kushoto anauburuta kidogo, na ndani ya miezi mitatu alikuwa ameanguka mara mbili, zote usiku.

Dada huyo alinitumia picha ya kifaa alichokiona mtandaoni. Ni mpira mkubwa kama uliokatwa katikati, upande mmoja bapa na mgumu, upande wa pili umevimba kama nundu ya ng'ombe. Unapanda juu yake, unasimama, unayumba, unajizuia usianguke. Muuzaji aliandika kuwa "kinarudisha balansi kwa wagonjwa wa kiharusi na wazee ndani ya siku 30". Bei Sh180,000, unaletewa mpaka mlangoni. Swali la dada lilikuwa fupi: "Ninunue au nisinunue?"

Nilimjibu siku ileile kwamba asinunue kwanza. Hata hivyo, swali hilo si lake peke yake. Kwa mwaka huu pekee nimeulizwa maswali ya aina hiyo na baba wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na kijana aliyeteguka kifundo cha mguu, na mama anayetaka kumnunulia mtoto wa miezi minane kigari cha kujifunzia kutembea. Wote wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, kuna kifaa kinachoweza kumfundisha mtu kusimama imara?

Si ajabu maswali haya kutoka Mtumba. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na Mji wa Serikali kuanza kujengwa, eneo hili lililoko kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara ya kwenda Morogoro, limebadilika kabisa. Waliohamia hukaa ofisini mchana kutwa, kisha hukaa tena kwenye basi. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya mazoezi ya kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na watumishi wengi wakanunua raba. Biashara ya vifaa vya mazoezi ikafuata raba hizo. Leo unapata vibao vya kuyumba, mipira mikubwa ya kukalia, nusu mipira na mito ya sponji, vipya kutoka China au vilivyotumika Ulaya. (Vya mitumba, yaani. Si vya Mtumba.)

Pamoja na watumishi wamekuja wazee wao. Mtu akishajenga Ihumwa au Vikonje, anamleta mama au baba awe karibu na hospitali. Wengi wa wazee hao wana shinikizo la damu, kisukari, au wamewahi kupata kiharusi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takribani asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu na asilimia 9 wana kisukari. Utafiti mwingine, uliofanyika kati ya 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ulikuta kiharusi kipya kwa watu 109 kati ya kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Wanaosalimika wanarudi nyumbani, na mara nyingi wanarudi wakiwa hawasimami vizuri.

Kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kwa mzee, kuvunjika nyonga kunaweza kuwa mwanzo wa kulala kitandani, kisha vidonda vya mgongoni, kisha nimonia.

Kwa hiyo dada wa Mtumba hakukosea kuhangaika. Anachohangaikia ni cha kweli. Kinachohitaji kupimwa ni dawa anayouziwa.

Mwili unasimamaje?

Simama sasa hivi karibu na ukuta, inua mguu mmoja. Pengine unaweza. Sasa fumba macho, mkono ukiwa tayari kushika ukuta. Umeona? Mguu uliokuwa umetulia umeanza kutetemeka.

Hiyo ni kwa sababu mwili hutegemea taarifa za aina tatu ili usianguke. Macho huuambia ubongo mahali ulipo. Sikio la ndani huuambia kama kichwa kimeinama au kinazunguka. Nyayo, vifundo na magoti huuambia uzito umelalia upande gani. Ubongo hukusanya taarifa hizo na kuamuru misuli irekebishe, mara nyingi kwa sekunde, bila wewe kujua.

Ndiyo maana watu wawili wanaoyumba sawasawa wanaweza kuwa na matatizo tofauti kabisa. Mmoja ana mtoto wa jicho. Mwingine ana kisukari cha miaka 15 na nyayo zimekufa ganzi, hivyo ubongo haupati habari kutoka chini. Wa tatu misuli ya mapaja imenyong'onyea kwa kukaa. Wa nne anaposimama ghafla damu hushuka kwa sababu ya dawa za presha, dunia ikamzunguka. Wa tano ana kizunguzungu kinachotokana na chembe ndogo za chokaa ndani ya sikio zilizohama mahali pake. Huyu mtaalamu anaweza kumsaidia kwa kumlaza na kumgeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, wakati mwingine kwa dakika chache tu.

Ukiwapandisha wote watano kwenye nusu mpira, utamsaidia mmoja, labda wawili. Waliobaki utawatafutia ajali.

Utafiti unasemaje

Kuna habari njema, na ni lazima niiseme bila kuipunguza: mazoezi ya usawa wa mwili yanafanya kazi. Mwaka 2019 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 108 kutoka nchi 25, yenye washiriki zaidi ya 23,000, wengi wao wanawake wenye umri wa miaka 70 na kitu. Mazoezi kwa jumla yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23. Mazoezi yaliyolenga usawa na matendo ya kila siku, kama kuinuka kitini na kupanda ngazi, yalipunguza kwa asilimia 24. Yalipochanganywa na mazoezi ya kuimarisha misuli, kuanguka kulipungua kwa asilimia 34 hivi. Tai Chi, yale mazoezi ya Kichina ya kujongea polepole, yalipunguza kwa asilimia 19.

Sasa angalia walichokuwa wakifanya. Wengi wao walikuwa wakisimama miguu imekaribiana, wakitembea kisigino kikigusa kidole, wakiinuka kitini bila kushika, wakigeuka, wakinyoosha mkono kuchukua kitu mbali kidogo. Siri ilikuwa zoezi lenyewe, na ugumu kupandishwa kidogokidogo, na kurudia. Watafiti waliopitia majaribio ya namna hii wameona matokeo bora kwa waliofanya saa tatu au zaidi kwa wiki. Hiyo ni kama dakika 25 kila siku, na ukiacha, faida nayo inaondoka.

Pia tuwe wakweli kuhusu mipaka ya habari hiyo. Mapitio yale hayakuhusu majaribio yaliyolenga wagonjwa wa kiharusi. Walikuwa wazee wanaoishi majumbani mwao. Anayemwambia dada wa Mtumba kuwa "utafiti umethibitisha" nusu mpira unatibu mama yake, anachukua sifa ya mazoezi ya watu wengine na kuibandika kwenye bidhaa yake.

Kuna wasomaji watakaoniuliza kuhusu ngoma. Wagogo wana ngoma nzuri, akina mama wakipiga muheme huku miguu ikifuata. Ningependa sana kusema ngoma inazuia wazee kuanguka, lakini mapitio yaleyale ya 2019 hayakupata ushahidi wa kutosha kwa dansi. Cheza ngoma kwa kuwa ni furaha na moyo unapiga kasi, hilo linatosha.

Wanaofaidika na kibao cha kuyumba

Lipo kundi ambalo kifaa chenyewe kina ushahidi mzuri kwake, nalo ni vijana na watu wazima wanaocheza michezo ya kukimbia na kuruka, hasa waliowahi kuteguka kifundo cha mguu.

Mtumba wanawajua hawa. Kila yanapokaribia mashindano ya SHIMIWI, watumishi ambao mwaka mzima walishika kalamu wanarudi uwanjani ghafla, kwenye soka, netiboli na kuvuta kamba, na vifundo vinavimba. Wazazi nao wana watoto wa UMISSETA. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanafunzi wa sekondari 765 wanaocheza soka na mpira wa kikapu. Waliofanya programu ya usawa, kwa mguu mmoja na kwa kibao, walipata mteguko wa kifundo pungufu kwa takribani asilimia 38 kuliko wenzao.

Sababu yake inaeleweka. Kifundo kikiteguka, siyo kano tu zinazoumia. Na ile habari inayotoka kwenye kifundo kwenda kwenye ubongo inachelewa. Kibao kinakilazimisha kifundo kujifunza upya kuitika haraka. Kijana mwenye mifupa imara akianguka kutoka urefu wa sentimita kumi, atacheka na kuinuka.

Hata hapo kuna bei. Nchini Uholanzi, msimu wa 2001/02, timu 116 za mpira wa wavu zilihusishwa kwenye utafiti wa kibao cha kuyumba. Waliowahi kuteguka kifundo walipungukiwa na mteguko. Lakini wachezaji waliokuwa na historia ya kuumia goti walipata maumivu zaidi ya goti yanayotokana na kulitumia kupita kiasi. Kwa hiyo kama goti lako linauma unaposhuka ngazi, usiige tu video ya mwenzako mwenye tatizo la kifundo.

Nami nina kovu dogo la somo hili. Nilipanda nusu mpira upande usio sahihi, bapa juu, kwenye sakafu ya vigae, nikiwa na soksi. Kiganja changu kilikaa kwenye bandeji wiki mbili. Nilikuwa peke yangu nyumbani.

Wanaoumia

Kila kifaa cha kufundisha usawa kinafanya kazi kwa kukutoa kwenye usawa. Hicho ndicho kinachouzwa: hatari ndogo ya kuanguka. Kwa mtu ambaye kuanguka kwake ni kicheko, hatari hiyo ni mwalimu. Kwa mtu ambaye kuanguka kwake ni kuvunjika nyonga, ni jambo jingine kabisa. Jambo linalonisumbua kwenye matangazo ninayoyaona ni kuwa kifaa kinatangazwa zaidi kwa watu wa kundi la pili.

Aliyepata kiharusi anaweza kutumia kibao au sponji, na wataalamu wa fiziotherapia huvitumia. Lakini tazama wanavyovitumia. Mgonjwa yuko kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Amefungwa mkanda kiunoni na mtaalamu ameushika. Wamefika hatua hiyo baada ya wiki kadhaa za kusimama kwenye sakafu ya kawaida. Kinachokuja nyumbani kwako ni kifaa tu. Mikono ya mtaalamu haimo ndani ya boksi.

Mwenye kisukari na nyayo zenye ganzi ana hatari mbili. Hasikii anapoteleza, na hasikii anapojichubua. Akifanya mazoezi ya usawa avae viatu vinavyomkaa vizuri, na akague nyayo kabla na baada. Mwenye kizunguzungu kisichojulikana chanzo, aliyezimia karibuni, mwenye mifupa dhaifu aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, na anayetumia dawa za usingizi, hawa wote waanze kwa daktari.

Mipira mikubwa ya kukalia nayo ina mambo yake. Aprili 2009 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa mipira ya mazoezi takribani milioni tatu baada ya taarifa 47 za kupasuka ghafla, hasa ilipojazwa upepo kupita kiasi. Oktoba mwaka huohuo, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Sacramento Kings, Francisco García, alivunjika mkono mpira ulipopasuka chini yake akiwa ameshika vyuma vizito. Yule ni mwanamichezo wa kulipwa mwenye walimu pembeni. Sisi tunaweka mpira uani, kwenye jua la Dodoma linalokausha plastiki, na miiba ya migunga imetapakaa chini. Usinyanyue vyuma juu ya mpira, na usiunusurishe mpira uliozibwa kiraka.

Kuhusu kukalia mpira badala ya kiti cha ofisi, ambako sasa ni mtindo: hakuna ushahidi mzuri kuwa unaponya mgongo. Kuinuka kila baada ya nusu saa kunakufaa zaidi, na hakuna bei.

Kwa wazazi: kigari cha kujifunzia kutembea

Huyu naye ni ndugu wa vifaa hivi, na hapa sitapima faida na hasara kwa muda mrefu kwa kuwa faida siioni.

Kigari chenye magurudumu ambacho mtoto hukalishwa katikati na kujisukuma kwa vidole, wengine wanakiita woka, hakimfundishi mtoto kutembea. Kinamfundisha kusukuma kwa ncha za vidole huku amebebwa. Usawa mtoto anaujenga kwa kukaa chini, kutambaa, kujivuta kwenye kochi, kuanguka kwa makalio na kujaribu tena. Kanada ilipiga marufuku kuuza vigari hivi mwaka 2004. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu watoto zaidi ya 230,000 wenye umri chini ya miezi 15 waliotibiwa hospitali kati ya 1990 na 2014 kwa ajali za vigari hivyo. Tisa kati ya kumi waliumia kichwa au shingo, na karibu robo tatu walianguka kwenye ngazi.

Nyumba nyingi za Mtumba hazina ngazi za ghorofa, lakini zina kizingiti na baraza, na jiko la mkaa uani, na ndoo ya maji ya moto ya kuoga. Mtoto kwenye kigari anafika kwenye jiko kabla hujamaliza kugeuka. Kama umeshanunua, toa magurudumu au kitupe. Usimgawie jirani.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo mambo ni tofauti, na hapa kifaa kinaweza kuwa cha muhimu sana. Fremu ya kusimamia, kiti maalumu, au fito mbili sambamba za kushikilia anapojifunza hatua, vyote vinasaidia vikiwa na kipimo cha mtoto huyo. Vikiwa na kipimo cha mtoto mwingine vinaweza kumkunja mgongo au kumweka nyonga vibaya. Baba aliyeniandikia alikuwa ametumiwa picha ya fremu kutoka Dar es Salaam na kuambiwa "inamfaa mtoto yeyote wa miaka mitatu hadi saba". Hakuna fremu ya namna hiyo. Mpeleke mtoto kwa mtaalamu wa fiziotherapia apimwe urefu wa goti, paja na kiuno, kisha karatasi ya vipimo mpe fundi seremala wako. Kitabu cha David Werner cha mwaka 1987 kuhusu watoto wenye ulemavu wa vijijini kimejaa michoro ya vifaa vilivyotengenezwa kwa mbao na vitu vya kawaida, na wataalamu wengi bado wanakitumia. Fundi mzuri wa Ihumwa anaweza.

Nani anamkagua muuzaji?

Shirika la Viwango Tanzania linasimamia ubora wa bidhaa zinazoingia sokoni, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo yenye jukumu la vifaa tiba. Nusu mpira wa gym ni bidhaa ya michezo. Lakini muuzaji anaposema kwenye tangazo lake kwamba kinatibu kiharusi, ameondoka kwenye michezo na kuingia kwenye tiba, na una haki ya kumuuliza amesajiliwa wapi kwa tiba hiyo. Wengi watakufungia mawasiliano hapohapo. Hilo nalo ni jibu.

Kama wewe ni wa kundi linalofaidika na unataka kununua, kishike kwanza kwa mkono. Tazama kama uzito wa juu kinaobeba umeandikwa. Kama haukuandikwa, kiache. Chini kiwe na mpira usioteleza. Kifaa cha mitumba kikunje uone kama plastiki ina nyufa. Omba risiti.

Na pesa? Siku moja ya kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia kwa kawaida ni nafuu kuliko Sh180,000. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, ambayo wengi bado tunaiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyopo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma ndizo sehemu za karibu za kuanzia kwa mkazi wa Mtumba. Fiziotherapia imekuwa miongoni mwa huduma za NHIF, hivyo uliza dirishani kadi yako inakufikisha wapi. Najua foleni ni ndefu na wataalamu wa utengamao ni wachache. Ukipata nafasi moja tu, itumie kujifunza mazoezi matatu au manne ya kufanya nyumbani, na mwombe mtaalamu amfundishe na yule atakayekuwa anamshika mgonjwa.

Cha kufanya nyumbani wiki hii

Kwanza jipime, mtu mwingine akiwa karibu na wewe ukiwa kwenye kona ya chumba, kuta mbili zikikulinda. Simama miguu imekaribiana kwa sekunde 10. Kisha sogeza mguu mmoja mbele nusu hatua. Kisha weka kisigino cha mbele kigusane na vidole vya nyuma. Kisha mguu mmoja. Mzee asiyeweza kukaa sekunde 10 katika hatua ya tatu, kisigino kwa kidole, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka na anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Huenda umesikia habari ya Brazil ya kusimama mguu mmoja kwa sekunde 10. Ni ya kweli: watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75 walifuatiliwa kwa takribani miaka saba, na walioshindwa walikuwa na hatari ya kufa iliyo juu kwa asilimia 84. Lakini kushindwa kule ni ishara, kama taa nyekundu ya gari. Kulifanyia taa mazoezi hakutengenezi injini.

Hatua unayoweza kwa shida kidogo ndiyo mazoezi yako. Simama hapo, mbele ya sinki au meza nzito, vidole viwili vikigusa. Siku ukiweza bila vidole, gusa kwa kimoja, kisha acha. Ongeza kuinuka kitini mara kumi bila kusukuma kwa mikono, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani na kisicho na magurudumu. Baada ya wiki kadhaa, kama hujayumba sana, kunja blanketi mara nne na usimame juu yake. Hilo ndilo sponji lako, na unene wake unaupanga mwenyewe.

Pitia dawa zote za mzee na daktari au mfamasia, mojamoja, na saa inayomezwa. Pima presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Pima macho. Halafu zunguka nyumba usiku, taa zikiwa zimezimwa, ukiwa na umri wa mama yako kichwani, na ufuate njia yake ya kwenda chooni.

Dada wa Mtumba alifanya hivyo. Alinipigia Jumapili. Mama alikuwa anameza kidonge cha presha kinachoongeza mkojo saa mbili usiku, kwa kuwa ndiyo saa mjukuu alikuwa anakumbuka kumletea. Usiku aliamka mara tatu, gizani, kwenye vigae, na kandambili iliyokatika ukanda. Daktari amekihamishia kidonge asubuhi. Fundi ameweka bomba la chuma la kushikilia pembeni mwa choo na taa ndogo kwenye korido, na jumla yake haikufika bei ya nusu mpira. Mtaalamu wa fiziotherapia amempa mazoezi mawili ya kufanya kwenye sinki asubuhi na jioni, na miadi baada ya wiki nne.

Mama mwenyewe, dada aliniambia, analalamika kuwa mazoezi ya kusimama mbele ya sinki yanamfanya aoshe vyombo.